Ndugu wa Padri Waliotoka Gereji

"Utamwambia wewe," alisema Jeruto, akabwaga kifuniko cha sufuria mezani kikalia kama kengele ya Pasaka. "Mdomo uliotangaza ndio utakaotangua."

"Shusha sauti, Jeruto. Watu wamejaa ukumbini."

"Nishushe nini? Jumapili ile ulipopanda pale mbele, wewe ulishusha? 'Wapendwa, Mungu si Athumani, nimempatia Padri watu wa kwao, kutoka Ayalandi kabisa, waje wamlilie naye dada yake!' Spika zikapiga mluzi, watu wakapiga vigelegele, mimi mwenyewe nikapiga mpaka jino la pembeni likalegea. Kumbe umewatoa wapi? Gereji!"

"Kwao ni Serbia," alisema Wangare, macho yake ndani ya ndengu.

"Na hiyo Serbia imepakana na Ayalandi?"

"Singh wa gereji anasema ni kama hapa na Zambia."

"Zambia!" Jeruto akajikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, ikalalamika chini yake. "Maskini Padri Kabeji. Amefiwa, na Wangare amemletea Wazambia."

Wangare hakucheka. Hapo ndipo Jeruto alipojua kwamba mambo ni mabaya, maana Wangare alikuwa mtu wa kucheka hata mchuzi ukimmwagikia mguuni.

Alizaliwa huko Molo, katikati ya shamba la pareto. Mama yake alikuwa akichuma maua na mimba ikiwa imekomaa, akaweka kikapu chini, akajifungua, akamfunika mtoto kwa yale maua meupe, kisha akamalizia mstari. Pareto, kama mjuavyo, ndiyo inayotengenezwa dawa ya wadudu. Tangu siku hiyo Wangare hajawahi kuumwa na mbu wala kiroboto. Mbu akimkaribia huanguka chali, miguu juu, akiomba msamaha. Alikuja Nakuru akiwa msichana, akapikia watu wa reli, baadaye akapikia Joginder Singh, mwenye gereji chini na vyumba vya kulala juu, kwa madereva wanaongoja malori yao yapone. Chapati za Wangare zilikuwa laini hivi kwamba kuna dereva mmoja wa Kigali aliyekuwa akiamka alfajiri kuharibu lori lake mwenyewe, fundi asije akamaliza.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni ahadi. Akiona mtu ana haja, mdomo unaahidi kabla kichwa hakijaulizwa. Binti wa jirani alipokosa gari la harusi, Wangare aliahidi gari refu, jeusi, la kung'aa. Likaja kweli, refu, jeusi, linang'aa, limefungwa riboni, na nyuma lina nafasi ya jeneza. Watu walipopiga kelele, yeye akauliza, "Kwani halina magurudumu?" Bibi harusi akapanda. Mpaka leo yuko na mumewe na watoto wao wana afya. Kwa hiyo aibu ilikuwa ikimzunguka Wangare miaka yote kama mwizi anayezunguka nyumba yenye mbwa, haioni pa kuingilia. Safari hii ilipata dirisha.

Dirisha lenyewe lilifunguka Januari, mwaka ule wa elfu mbili na nane, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi. Padri alikuwa mzee wa Ayalandi aliyekaa nasi mpaka Kiswahili chake kikaota mvi. Tulimwita Padri Kabeji kwa sababu ya kabichi alizolima nyuma ya kanisa, ambazo moja ilitosha kulisha kwaya, na chini ya majani yake kuku aliweza kutamia asionekane hadi vifaranga watoke. Moto ulipoanza alifungua geti la kanisa. Wakaingia Wakikuyu, wakaingia Wakalenjin, wakaingia watu waliokuwa wakikimbiana wao kwa wao, wakalala darasa moja la shule ya kanisa. Ndipo Wangare na Jeruto walipojuana, wakigombania blanketi.

Mchana mmoja vijana walikuja getini na mapanga. Padri alisimama ndani, Wangare akashika mnyororo wa geti pembeni yake kwa mikono miwili. Simu ya Padri ikaita. Akasikiliza kidogo. Akasema neno moja kwa lugha ya kwao, akairudisha mfukoni, akaendelea kubishana na vijana wale kama mtu anayebishania bei ya mbuzi. Walipochoka na kuondoka, alimgeukia Wangare na kusema, "Dada yangu amekufa. Alikuwa amebaki yeye tu." Barabara ilikuwa imefungwa huku na huku. Na hata ingefunguliwa, nani angelinda geti? Dada akazikwa na majirani. Padri akaenda kumwagilia kabichi.

Sasa, kwetu mtu akifiwa haachwi. Utakwenda na sukari, utakwenda na unga, utakaa naye, na watu wa kwao watakuja waimbe nyimbo za kwao, maana mfiwa analilia lugha aliyobembelezewa. Kwa Padri hakwenda mtu. Kila mmoja alikuwa na maiti wake wa kutafuta. Mwezi ukapita, ikapita miwili, na kadiri ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kuanza. Utaenda na sukari mwezi wa tano useme nini? Watu wakawa wanapokea komunyo huku wakitazama viatu vyake. Wangare ndiye aliyeambiwa kwa mdomo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitazama viatu vile zaidi ya wote.

Mwezi wa nane, kigari cha wazungu kikafa kwenye mteremko wa Sachangwan. Mteremko ule hula geaboksi kama mbuzi anavyokula maganda. Joginder akakivuta mpaka Nakuru, nacho kikangoja kipuri kutoka Mombasa. Ndani mlikuwa na bendi iliyokuwa ikitoka kupiga Kampala: vijana wanne wenye ndevu na msichana mmoja mwenye fidla. Mkubwa wao aliitwa Radoje, na kina mama hawakujisumbua, wakamwita Redio.

Kwa kuwa hawakuwa na kazi, walifanya mazoezi nyuma ya gereji, katikati ya matairi. Wangare alikuwa juu anageuza chapati. Akasikia fidla. Mkono ukasimama hewani.

Ulikuwa ule wimbo wa Padri! Ule aliokuwa akiupiga kwa mluzi akipalilia, akipaka rangi geti, akingoja wenye dhambi wasiokuja kuungama. Ukaanza taratibu, kama mtu anayetafuta miwani. Halafu gitaa la umeme likaingia, ngoma zikaingia, na wimbo ukavaa buti ukaanza kupiga mateke. Mabati ya Joginder yakacheza, spana zikashuka ukutani zenyewe, na jogoo wa jirani akawika mchana kweupe akidhani amechelewa. Chapati ikaungua mpaka ikawa kifuniko cha mtungi.

Wangare hakuuliza swali hata moja. Aulize nini? Mtu akipiga isukuti ya Waluhya utamwuliza kwao? Akiimba mwomboko wa Wakikuyu utamtaka kitambulisho? Wimbo ndio kitambulisho. Nani katika dunia hii anashika nyimbo za watu wengine na kuzibeba mgongoni nchi hadi nchi? Akashuka ngazi akiwa bado na mwiko, akamshika Redio bega, akamwambia kwa Kiingereza chake cha jikoni kwamba kuna mzee kanisani, huo ni wimbo wake, amefiwa, njooni mpige. Redio akaweka mkono kifuani, akasema watakuja kwa furaha, na hawataki chochote ila zile chapati.

Jumapili, Padri akiwa ameenda kusalisha kwingine, akatangaza, na watu wakaapa kumficha. Mnajua alivyotangaza.

Ukweli ulimfikia Jumatano, kwa njia ya pilipili hoho. Redio alimwomba amchomee hoho nyekundu juu ya makaa, akasimama pale akinusa moshi huku macho yamemlowa, akasema kwao mwezi huu mtaa mzima hunuka hivi, kila mama nje na jiko lake, wanachoma, wanamenya, wanatia kwenye chupa za kungojea baridi. Wangare akasema, "Hivyo ndivyo mnavyofanya Ayalandi?" Joginder alikuwa anakunywa chai pembeni. Chai ikamtoka puani.

"Ayalandi gani, Mama? Hawa ni Waserbia! Huko Ayalandi hawajakanyaga hata kwa ndoto."

"Na nyimbo?"

Joginder akauliza, Redio akajibu, Joginder akatafsiri: walizipata kwenye kanda wakiwa watoto, wakazipenda, wakajifundisha wenyewe. Basi. Hakuna babu, hakuna nyanya, hakuna hata shangazi aliyeolewa huko.

Aibu ikaingia. Haikubisha hodi. Ilianzia miguuni ikampandia kama maji ya mafuriko yanavyopanda ukutani kule mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, ikafika kiunoni, ikafika kifuani, na ilipofika masikioni Wangare hakusikia tena hata ndengu zikiungua. Usiku hakulala, asubuhi hakula. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mbu akamuuma, shavuni, mahali ambapo kila mtu angeona.

Angeweza kusema siku ile ile. Lakini Alhamisi, kabla hajatafuta maneno, kina mama wa kanisa wakafika gereji na leso zao kuwapa pole "wafiwa". Walikuja na kuku, na sukari ile ile waliyoshindwa kuipeleka Januari, na masweta waliyofuma wenyewe. Wakawakumbatia wale vijana wenye ndevu mmoja mmoja, wakilia machozi ya kweli, "Poleni, wanetu, poleni kwa dada yenu, alikuwa mtu mzuri," nao hakuna aliyemjua. Vijana wakadhani ndivyo Nakuru inavyopokea wanamuziki. Wakainama, wakasema, "Asante sana, karibu sana." Mzee Kiplangat, katekista, akamwuliza Redio marehemu alizikwa wapi. Redio hakuelewa neno, lakini alielewa machozi. Mwaka uliopita alimzika mama yake. Akavua kofia, akamwegemea Mzee Kiplangat begani, akalia kama mtoto.

Wangare aliyaona yote akiwa nyuma ya rundo la matairi. Alijifunika aproni usoni. Angeweza kuingia ndani ya tairi moja na kujiviringisha mpaka Ziwa Nakuru, flamingo wammalizie.

Na leo ndiyo Jumapili yenyewe. Padri alikuwa amekwenda Molo kumpaka mgonjwa mafuta, arudi akute ukumbi umejaa na mshangao unamngoja. Bendi ilikuwa ikikaza nyuzi. Joginder, aliyeleta ngoma kwa pikapu yake, alikuwa amekutana na Jeruto mlangoni na kumwambia kwa roho safi kabisa, "Hawa Waserbia wamejitahidi, bana." Hivyo ndivyo ugomvi ulivyoanza.

"Na wewe ulijua tangu Jumatano," alisema Jeruto kutoka kwenye ndoo yake.

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nitasemaje? Kuku wameshachinjwa. Masweta wameshavaa. Hebu fikiria: wanapiga, Padri anasikia wimbo wake, anafurahi, wanapanda gari wanaondoka. Nani ataumia?"

"Padri ataenda kuwasalimu kwa lugha yao! Atawauliza kijiji. Atawauliza kama wanamjua fulani wa fulani. Nao watamjibu nini, 'asante sana, karibu sana'? Mbele ya watu wote? Utamfanya alie mara ya pili, Wangare, na mara hii kwa ajili yako."

Wangare akauma midomo. Hilo alikuwa ameliona mwenyewe tangu Jumatano. Alikuwa anajaribu tu kulitazama kwa pembeni.

Joginder akaingia akitafuta chai, na nyuma yake Redio, amevaa sweta ya kufumwa iliyomwishia kitovuni, anaomba maji ya moto ya kupasha vidole.

"Mwambie," Jeruto akamwambia Joginder. "Mwambie huyu kijana amekuja kuwa nani hapa."

Joginder akatazama kikombe, akatazama dari, kisha akasema yote kwa Kiingereza. Ilichukua muda. Wangare aliyafuata yale maneno usoni mwa Redio, kama mtu anayetazama moto ukipanda kilima. Mwisho Redio akajishika sweta kifuani. Akasema kitu polepole.

"Anauliza," Joginder akatafsiri, "kama wale kina mama walikuwa wanamlilia dada wa Padri?"

"Ndiyo," alisema Wangare.

"Anasema yeye alikuwa anamlilia mama yake. Anaomba msamaha, hakujua kilio kina mwenyewe."

"Mwambie asiniombe msamaha!" Wangare akapaza sauti, kisha akaifunika kwa mkono. "Mwambie mimi ndiye mwenye makosa. Aki, Singh, mwambie."

Redio akasikiliza. Halafu akasema maneno machache, bila hasira, akijaza maji kwenye birika.

"Anasema hawezi kujifanya ndugu wa mtu. Hiyo hafanyi. Ila wimbo anaujua vizuri, na akiruhusiwa ataupiga. Padri aambiwe kwanza. Akisema piga, watapiga. Akisema hapana, watafungasha ngoma na kuacha masweta."

Wakatoka wote wawili, Joginder bila chai.

Jeruto alirudisha kifuniko juu ya sufuria. Alikuwa mtu wa hasira fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho wa kamba. "Unajua," alisema, "Januari walinisimamisha pale barabarani wakaniambia niongee, wasikie mimi ni wa nani. Nikaongea Kiswahili, meno yanagongana. Kama si Padri kunivuta ndani ya geti… Na hawa wametoka Zambia yao huko wanaongea lugha ya watu kwa hiari, kwa fidla, eti wameipenda tu." Akatikisa kichwa. "Ungesema hivyo tu, Wangare. Ungesema, hawa si wa kwao, lakini wimbo wanaupenda. Nani angekataa?"

"Niliona ni kidogo."

"Ndiyo tabu yako. Kila kitu chako lazima kiwe na riboni."

Wangare akafuta mikono, akafuta tena. "Nitamwambia. Akishuka garini tu nitamvuta pembeni. Lakini maneno hayaji, Jeruto. Nikifungua mdomo unatoka upepo."

"Basi jizoeze. Mimi ni Padri." Jeruto akajinyoosha juu ya ndoo, akajivika kitambaa cha sahani shingoni kama stola ya kuungamishia, akakunja uso ukawa mzee. Akaigiza ile sauti ya puani. "Ehe, mama. Sema, mwanangu. Nina kabichi zinaningoja."

"Usinichekeshe."

"Padri hachekeshi. Sema."

Wangare akasimama mbele yake, mgongo kwa mlango, mikono ikiwa imefungwa ndani ya aproni. "Padri, hawa wageni si ndugu zako. Si wa kwenu. Wanatoka Serbia. Niliwasikia wanapiga wimbo wako nikatangaza bila kuuliza, na Jumatano niliambiwa ukweli, nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza, mwanangu?"

"Kwa sababu watu walikuwa wameshafurahi."

"Hapana," alisema Jeruto kwa sauti yake mwenyewe. "Hiyo ni riboni. Kwa nini?"

Ukumbini mtoto alilia, akanyamazishwa. Wangare akatazama ndengu, akatazama moto, akakosa pa kutazama.

"Kwa sababu uliniambia mimi," alisema hatimaye. "Pale getini. Uliniambia dada yako amekufa, nami sikukwambia hata pole. Nilikuwa nimeshika mnyororo. Halafu siku zikapita, nikaona haya kuja, na kila Jumapili haya ikazidi, mpaka nikaona sukari haitoshi tena, mimi mwenyewe sitoshi, lazima nije na kitu kikubwa, nije na nchi yako nzima. Sikuwaleta wakulilie, Padri. Niliwaleta ili nisije peke yangu. Nisimame nyuma yao usinione. Na sasa hata hao si wako, na pole yako bado ninayo mimi, tangu Januari, sijakupa…"

Akangoja Jeruto aulize tena. Jeruto alikuwa amevua kile kitambaa shingoni polepole, ameinuka kutoka kwenye ndoo, na macho yake yalikuwa yamepita bega la Wangare.

Upepo wa nje uliingia jikoni ukapuliza majivu. Wangare akageuka. Padri Kabeji alikuwa amesimama mlangoni, matope ya Molo hadi magotini, kofia mkononi kama mfiwa anayengoja pole; alikuwa amesikia yote.